Nani Ataondoka na Nani?

Mwishoni mwa mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Ihanda, wilayani Karagwe, kumzika shangazi yangu. Habari za safari sitawachosha nazo, maana aliyewahi kutoka Dar es Salaam kwenda Karagwe kwa basi anajua mwenyewe mgongo unavyokuwa. Ninalotaka kuzungumza nanyi leo ni jambo nililoliona pale msibani siku ya pili, nikiwa nimeketi na wanaume wenzangu kando ya migomba.

Mvua ilianza kunyesha. Turubai lililofungwa uani lilikuwa moja, nalo lilikuwa limejaa akina mama na watoto. Sisi wengine tukaanza kujibanza chini ya majani ya migomba, na kama ujuavyo, jani la mgomba ni mwavuli wa dakika tano. Hatua kama arobaini tu kutoka pale, barazani kwa jirani, niliona turubai jingine, kubwa na jipya, limekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya viti vya plastiki vilivyopangwa. Nikamwuliza binamu yangu, mbona lile haliletwi na watu wanalowa? Akanijibu kwa sauti ya chini, “Lile si letu, kaka. Lile ni la wale.”

Wale! Mimi nimezaliwa pale. Nilipoondoka kwenda kutafuta maisha, kitongoji kile kilikuwa na chama kimoja cha kufa na kuzikana. Kilianza katika miaka ile migumu, baada ya ule ugonjwa wa UKIMWI kutambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu, huku huku Kagera, mwaka 1983. Wazee wanasimulia kwamba ilifika mahali watu wanatoka makaburini na kabla hawajanawa mikono wanaitwa kwingine. Ndipo wakaandikiana majina katika daftari. Nyumba ikipatwa na msiba, kila nyumba inaleta fedha kidogo iliyokubaliwa, mkungu wa ndizi, maharage, mzigo wa kuni na ndoo ya maji. Vijana wanachimba kaburi. Akina mama wanapika. Asiyefika bila sababu anatozwa faini. Polepole wakanunua sufuria kubwa, sahani, viti na turubai.

Nyumba zilikuwa thelathini na nane. Sasa zimebaki ishirini na saba. Nyumba kumi na moja zimejitoa na kuanzisha chama chao, na turubai lile lililokuwa likitazama mvua ikitunyeshea ndilo lao.

Basi jioni ile nikamwendea mwenyekiti wa chama cha zamani, mzee ambaye nilimchungia mbuzi utotoni. Nikamwuliza, “Mzee, katiba si ilikuwa na kifungu kikali? Si iliandikwa kwamba mwenye kujitoa hatazikwa na wenzake?” Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema, “Mwanangu, kifungu hicho kilimtisha mtu mmoja. Kwa miaka yote hakuna aliyethubutu kutoka peke yake, maana nani angemchimbia kaburi? Lakini hawa hawakutoka mmoja mmoja. Walikutana usiku dukani, wakahesabiana, wakaona wanatosha kuzikana wenyewe. Kesho yake wakaleta barua moja yenye sahihi kumi na moja.”

Ndugu msikilizaji, maneno ya mzee yule nimerudi nayo hadi mjini, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo wataalamu wakubwa wa dunia wameihangaikia kwa miaka mingi.

Mwaka 1944 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi kule Princeton, Marekani, John von Neumann aliyekuwa mwanahisabati na Oskar Morgenstern aliyekuwa mwanauchumi, walichapisha kitabu kinene kuhusu kile kinachoitwa nadharia ya michezo. Usidhani ni habari za mpira wala bao. Ni elimu ya kupima watu wanavyoamua pale ambapo faida ya mmoja inategemea na mwingine atafanya nini. Sehemu kubwa ya kitabu kile iliuliza swali hili: watu wakiweza kuungana, ni kundi lipi litasimama na lipi litavunjika? Na wale waliokuja baada yao, katika miaka ya 1950, wakalipa swali hilo umbo ambalo hata mzee wetu wa Ihanda angelitambua. Walisema usimwulize mtu mmoja mmoja kama ameridhika. Uliza kama kuna wachache ndani ya kundi ambao wakitoka pamoja, wote hao watakuwa na nafuu kuliko walivyo sasa. Kama wapo, kundi lako linasimama kwa bahati tu.

Naomba unisikilize kwa makini kidogo, kalamu si lazima. Tuseme kuna majirani watatu wenye kahawa ya kupeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Mmoja anakaa mlimani, wa pili njiani, wa tatu bondeni. Kila mmoja akikodi usafiri peke yake atalipa shilingi 30,000. Wawili wowote wakiungana watapata pikapu kwa shilingi 40,000. Wote watatu wakiungana pikapu haitoshi, itabidi wakodi fuso, na mwenye fuso anataka 66,000.

Hebu tupige hesabu. Wawili wakienda na pikapu na wa tatu akaenda peke yake, jumla yao ni 70,000. Wakienda wote kwa fuso ni 66,000. Kwa hiyo kuungana wote watatu ni bora kuliko kugawanyika; kuna elfu nne zinazookolewa. Kiongozi yeyote atasimama jukwaani na kusema umoja ni nguvu, na kwa jumla atakuwa amesema kweli.

Sasa gaweni hiyo 66,000. Mkigawana sawa, kila mmoja ni 22,000. Lakini wa mlimani atamnong’oneza wa njiani: tukichukua pikapu sisi wawili tutalipa ishirini ishirini. Wanaondoka. Haya, wa bondeni aseme nipunguzieni kelele, nyie lipeni ishirini ishirini na mimi nitabeba 26,000, maana ni afadhali kuliko 30,000. Wote wanakubali. Lakini usiku wa bondeni anakwenda kwa wa njiani: kwa nini tusichukue pikapu mimi na wewe, wewe ulipe 18,000 na mimi 22,000? Wote wawili wamepata nafuu. Wa mlimani anaachwa na 30,000 yake, na kesho atakwenda kumshawishi mmojawapo. Mtazunguka hivyo mpaka kahawa iote ukungu. Wala kosa si la tabia yao. Ukigawa 66,000 kwa watu watatu kwa namna yoyote uipendayo, wale wawili wanaolipa zaidi watakuwa wanalipa si chini ya 44,000 kati yao, na pikapu iko pale barabarani kwa 40,000. Hakuna mgawo unaoweza kuwatuliza wote. Wataalamu wanasema kundi la namna hiyo halina kiini.

Lakini mwenye fuso akishuka hadi 60,000, kila mmoja analipa 20,000 na hakuna wawili watakaopata nafuu kwa kunong’ona. Watu ni wale wale, ujirani ni ule ule, dini ni zile zile. Tofauti ya kundi linalodumu na kundi linalozunguka kama tiara ni shilingi elfu sita za nauli.

Ndiyo maana huwa nachoka ninaposikia viongozi wa vikundi wakilaumu moyo wa ubinafsi kila chama kinapopasuka. Ubinafsi upo, sikatai. Lakini ulikuwepo pia miaka yote ambayo chama kilisimama.

Turudi Ihanda. Kwa nini zile nyumba kumi na moja zilitosha kuzikana zenyewe? Mwaka 2003 wanauchumi wawili, Garance Genicot na Debraj Ray, walitoa makala kuhusu makundi ya watu wanaosaidiana wakati wa shida. Zamani iliaminika kwamba kundi la kusaidiana likiwa kubwa ndiyo bora zaidi, kwa sababu shida ya mmoja inagawanywa kwa wengi. Wao wakaonyesha kwamba ukubwa wenyewe una sumu yake. Kutoka kuwa peke yako hadi kuwa watano ni nafuu kubwa mno. Kutoka watano hadi kumi bado ni nafuu ya kuonekana. Lakini kutoka thelathini hadi arobaini, unachoongezewa ni kidogo sana. Maana yake ni kwamba chama kikishakuwa kikubwa, ndani yake mna vyama vidogo ambavyo tayari vinatosha. Wakiondoka hawapotezi kitu kikubwa, na wakati huo huo wanaacha nyuma mzigo wa nyumba ambazo wanadhani zinawagharimu.

Na hapo ndipo penye uchungu. Hao kumi na moja ni akina nani? Ni mwenye duka, ni walimu watatu, ni mwenye pikipiki za bodaboda, ni wenye mibuni mingi. Hawakutoka kwa sababu wana roho mbaya. Mmoja wao alilia sana kwenye jeneza la shangazi na najua hakuigiza. Walitaka kuchangia fedha nyingi zaidi kila mwezi, ili mtu wao akifia hospitali ya mbali au mjini, gari la kumrudisha lisiwe tatizo. Wale wengine hawakuweza kiwango hicho. Kuna mama mjane mwenye wajukuu wanne ambaye hata mkungu wa ndizi anautoa kwa kuupunguza mdomoni mwa watoto. Kwa hesabu ya dukani ile ya usiku, mama yule ni nyumba inayopokea kuliko inavyotoa. Hakuna aliyetamka jina lake. Lakini orodha ya waliobaki ukiisoma inalitamka yenyewe.

Jambo hili lina ushahidi wa mkoani kwetu. Mwaka 2000 watafiti walikwenda kijiji cha Nyakatoke, huku huku Kagera, wakahoji nyumba zote 119. Waliuliza kila mtu swali la kawaida kabisa: ni nani unayeweza kumtegemea kwa msaada, au anayekutegemea wewe? Mtafiti Joachim De Weerdt alipochambua majibu alikuta kwamba nyuzi za kusaidiana zinafuata undugu, ukaribu wa nyumba, ukoo, dini, marafiki wa pamoja, na mali. Wenye mali walikuwa na nyuzi nyingi kuliko maskini. Yaani yule anayehitaji kushikwa mkono zaidi ndiye mwenye mikono michache ya kumshika. Na kuna kichekesho ndani yake, kama mtu ana moyo wa kucheka: mara nyingi mmoja alimtaja mwenzake kuwa ndiye tegemeo lake, na yule aliyetajwa, alipoulizwa kwake, hakumtaja.

Lakini utafiti huo wa Nyakatoke ulikuwa na jambo jingine ambalo mimi naliona la thamani zaidi. De Weerdt akiwa na mwenzake Stefan Dercon waliangalia nini hutokea nyumba inapopatwa na ugonjwa. Kwa upande wa chakula, ilionekana kijiji kizima kinashikana. Mgonjwa hakuachwa ale njaa. Kwa mahitaji mengine yasiyo chakula, kijiji hakikutosha, mtu alitegemea mtandao wake mwenyewe. Yaani watu walewale, katika kijiji kilekile, kwa jambo moja walikuwa kundi moja kubwa, na kwa jambo jingine walikuwa makundi madogo madogo, na hawakuona ajabu yoyote. Nitalirudia hili sasa hivi.

Kwanza niseme neno juu ya kahawa, kwa sababu Karagwe huwezi kuzungumzia umoja ukaiacha kahawa nje ya mlango. Chama kikuu cha wakulima wa Bukoba kiliandikishwa mwaka 1950. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vyote nchini kwa amri. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwaka 1990 Karagwe ikawa na chama chake, KDCU, kando ya kile cha Bukoba. Nao huo ni mpasuko wa wale waliojihesabu wakaona wanatosha. Na ni wa kheri, maana mwaka 2012 Kyerwa ilipokatwa kuwa wilaya yake, KDCU iliendelea kuwahudumia wa pande zote mbili. Mwaka 1994 milango ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mwaka 2018 ikafungwa tena, kahawa ikaamriwa ipite kwenye ushirika tu.

Lakini tofauti ya kahawa na kaburi ni hii: wa kuzikana anahitaji wenzake wa kutoka nao, wa kahawa anahitaji mnunuzi mmoja tu mwenye fedha taslimu. Kuna yule anayekuja kahawa ikiwa bado ua mtini, anakulipa leo kwa bei ya kuumiza, wenyewe tunaita butura. Kuna yule wa ng’ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda, na kila mtu wa Murongo anajua pikipiki za usiku zinabeba nini. Mkulima mwenye ada ya shule mkononi hawezi kusubiri malipo ya ushirika miezi na miezi. Kwa hiyo kila mwaka ambao malipo yalichelewa, amri ilibaki karatasini na kahawa ikavuka maji. Askari wa mpakani ni ghali kuliko kulipa mapema, hayo ni maoni yangu.

Sasa wale kumi na moja, wako wapi leo? Hapa ndipo hesabu ya Genicot na Ray inapokuwa tamu. Wanasema usiogope kila kundi linalotishia kutoka. Tazama kwanza kama hilo lenyewe litasimama. Kwa sababu mlango uliotumiwa na watu kumi na moja uko wazi kwa watano kati yao. Na ndivyo ilivyokuwa. Haukupita mwaka wa pili, walimu watatu wakaona kwamba mwenye duka na wenzake wana ndugu wengi Mwanza na Dar es Salaam, na kwamba kila gari la maiti linatoka kwenye mifuko yao wao ambao ndugu zao wote wako Karagwe. Wakaanza kunong’ona. Mmoja wao amekwisha kurudi chama cha zamani, akalipishwa kiingilio upya kama mgeni, na bado amewekwa kwenye benchi la nyuma vikaoni. Wawili wanasubiri kuona atakavyopokewa.

Usiku wa tatu wa matanga nilialikwa kwenye kikao. Labda kwa sababu nasikika redioni, walidhani nina dawa. Nilikuta hoja mbili zinagombana. Vijana walitaka waliotoka wasirudi kamwe, ili iwe fundisho. Wazee walitaka warudi bure, ili udugu urudi. Mimi nikaomba nafasi nikaeleza habari ya Nyakatoke kama nilivyowaeleza ninyi. Nikasema, tenganisheni vitu. Kuchimba kaburi, kuni, maji, ndizi, turubai na sufuria, hivi havimfilisi mtu, na kadiri mnavyokuwa wengi ndivyo vinavyokuwa vyepesi, hivyo viwe vya kitongoji kizima, nyumba zote thelathini na nane, na asiwepo “wale” wala “wetu.” Fedha za gari ni jambo jingine. Zinawapa baadhi ya nyumba faida kubwa na nyingine hazizipi kitu. Wanaozitaka wachangiane wao kwa wao, watano au kumi, bila kumlazimisha mjane na bila kumwacha. Mkiyafunga mambo haya mawili katika furushi moja, mtapasuka tena hata mkila kiapo juu ya kaburi.

Mwalimu yule aliyerudi akanyoosha mkono. Akasema, “Kaka, ni vizuri. Lakini kwa nini walete turubai lao jipya, wao waliolinunua kwa fedha zao, litumiwe na nyumba ishirini na saba zisizotoa kitu?” Kimya kikatanda. Swali lilikuwa la haki, na mimi mwenye nadharia za Princeton nilibaki nikikuna kichwa.

Yule mama mjane ndiye aliyejibu, kutoka upande wa akina mama. Akasema sufuria kubwa mbili za chama cha zamani ziko kwake, ndiye anayezitunza na kuzisugua tangu zamani, na hao kumi na moja hawana sufuria ya kupikia watu mia. Wamekuwa wakiazima kwa siri kupitia mlango wa nyuma, naye amekuwa akiwapa. Waandike turubai moja sawa na sufuria mbili, akasema, kisha tuendelee na agenda.

Watu wakacheka, katibu akaandika. Niliondoka kesho yake kabla kikao cha pili hakijakaa, kile ambacho mwenye duka na wenzake walitakiwa kuja na jibu. Binamu yangu amenipigia simu juzi. Anasema mwenye duka amekubali sufuria, ila anauliza nani atalipa turubai likichanika.